TULIYOYAONA MWANJELWA, NA FEDHA ZETU ZA MASHINE



Mkutano Mkuu wa Chama unakaribia, na jambo litakaloletwa mbele yenu kabla ya mengine yote ni matumizi ya zile fedha ambazo kila mmoja wetu amekatwa kidogo kidogo katika mauzo ya misimu mitatu iliyopita. Fedha hizo tulizipa jina la Fungu la Mashine. Twakiri kwamba jina hilo tulilitoa sisi wenyewe hapa ofisini, na sasa twaona limetutia katika matata, kwani kila mtu akilisikia huona mashine tu na haoni kitu kingine.

Rai zilizokwisha kutufikia ni nyingi. Wako wanaotaka vikaushio vya jua, kimoja kwa kila tawi. Wako wanaotaka mabomba ya dawa ya injini. Na wako, khasa vijana, wanaotaka Chama kinunue pawatila mbili zenye matela za kuchukulia karafuu kutoka makambini mpaka barabarani, kwa sababu mvua ikinyesha magari hayafiki. Hakuna katika hao anayesema upuuzi. Lakini sisi tuna rai yetu, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizi, angalau nusu, itumike kuwafundisha watu kabla ya kununua chuma chochote. Twajua kwamba rai hii haitawapendeza wengi. Mashine huonekana, mtu akaipiga picha na kuiweka katika simu yake. Mafunzo hayapigwi picha. Basi tumeona bora tuwaeleze tulikoitoa.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023, maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, Chama kilituma watu watano kwenda kutazama, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Safari ilikuwa ndefu, na baridi ya Mbeya mwezi wa Agosti si ya mchezo. Kanzu za Pemba hazikushonwa kwa baridi ile, na siku ya pili tu wote watano tulikuwa tumevaa makoti ya mitumba. Maonesho yalikuwa mazuri. Tuliona matrekta yanayong'aa na ndege ndogo zisizo na rubani za kupulizia dawa, na vijana waliovaa fulana safi wakatueleza kila kitu kwa adabu. Lakini katika maonesho kila mashine ni mpya, na mwenye kuieleza ni muuzaji. Tuliyojifunza khasa tuliyapata mahali pengine, nako ni Mwanjelwa.

Kwa wasiokujua, Mwanjelwa ni mtaa wa soko katika jiji la Mbeya. Soko lake liliteketea kwa moto mwaka 2006 likajengwa upya, na biashara imelizunguka pande zote. Mle hukosi kitu. Viazi, maharage, maparachichi, mchele wa Kyela na wa Mbarali, nguo, na vyombo vya kulimia. Hata karafuu zetu tuliziona, zimefungwa katika vijifuko vya plastiki pamoja na iliki na mdalasini, na muuzaji alipoulizwa zimetoka wapi akajibu kwamba zimetoka dukani. Tulicheka, ingawa si jambo la kuchekesha sana ukilifikiri.

Karibu na soko kuna mafundi. Tulimwendea mmoja kwa sababu mwenzetu alitaka kuuliza bei ya pawatila iliyotumika. Katika uwanja wake zilikuwapo nyingi, zimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaongoja daktari. Nyingine hazina matairi, nyingine zimeng'olewa injini, na mbili zilikuwa na rangi yao ya kiwandani karibu yote. Tukamwuliza, "Fundi, hizi nazo zina nini? Mbona mpya?"

Akajibu, "Shehe, hizo si mbovu. Hizo zimeuawa."

Akatufungulia moja. Oili iliyokuwamo ndani ilikuwa nyeusi na nzito kama lami. Akasema mwenyewe alilimia misimu miwili huko bondeni na hakubadilisha oili hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hubadilishwa. Yeye alijua hutiwa dizeli tu. Ya pili ilivunjika giaboksi kwa kubebeshwa matofali juu ya tela, mzigo mara mbili ya uwezo wake, kwenye mteremko. Ya tatu chujio la hewa lilikuwa limetolewa likatupwa, kwa sababu mwenyewe aliona linazuia nguvu. "Akija kwangu," akasema fundi, "tayari imekufa. Mimi nauza spea, sina hasara. Lakini huruma inanishika." Tukamwuliza yeye alijifunza wapi. Akacheka, akasema alijifunza kwa kuziharibu za watu.

Yafaa tukumbushane khabari yenyewe. Mwaka 2009 Serikali ya Muungano ilitangaza Kilimo Kwanza, na katika mpango huo pawatila zikaletwa kwa wingi, na halmashauri nyingi zikazinunua na kuwakopesha wakulima. Hatusemi kwamba mpango ulikuwa mbaya. Katika mabonde ya mpunga ya Mbarali mashine hizo zimefanya kazi kubwa, na anayelima jaruba la maji kwa jembe la mkono anaijua tofauti. Lakini zilikwenda pia mahali ambapo ardhi ni ngumu na kavu kupita nguvu zake, zikafika kwa watu waliopewa mashine na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, na mahali ambapo spea haipatikani mpaka mtu apande basi kwenda mjini. Huko zikageuka magari ya kubebea watu na kuni, kisha zikafika katika uwanja kama ule wa Mwanjelwa.

Siku hiyo hiyo, hatua chache kutoka kwa fundi, tulikutana na mama mmoja muuza viazi. Tulisimama kwake kwa sababu ya lumbesa, yale magunia yaliyojazwa mpaka yakafanya kichwa, ambayo mkulima hulipwa kama gunia moja. Mwenzetu akamwambia kwamba kwetu nako mchumaji na mwenye shamba hugombana juu ya pishi iliyojazwa kichwa. Maneno yakawa mengi. Mama yule analima mwenyewe, na akatueleza jinsi alivyofundishwa kuchagua mbegu. Viazi vikiwa bado na majani mabichi shambani, yeye hupita mstari kwa mstari na vijiti, na kila shina lililo zima, lisilo na dalili ya mnyauko wala majani yaliyojikunja, hulichomekea kijiti. Siku ya kuvuna huanza na yale yenye vijiti, na hayo ndiyo mbegu ya mwakani. Zamani alikuwa akiuza vikubwa na kubakisha vidogo kuwa mbegu, naye hakujua kwamba aghlabu vidogo vile vilikuwa vidogo kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa. Tukamwuliza vijiti vile alinunua kiasi gani. Akatutazama kama watu wasio na akili.

Hicho nacho ni utaalamu wa kisasa, enyi wanachama. Umetafitiwa na watu wenye shahada, ukapimwa, ukathibitishwa, kisha ukatiwa katika kijiti. Karibu na hapo ndipo ulipo Uyole, kituo cha utafiti na chuo cha kilimo kilichokuzwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za Nordic, na maharage yaliyozalishwa huko hadi leo yanaitwa kwa jina la Uyole sokoni. Jambo lililotupendeza ni kwamba kituo na soko viko mwendo mfupi wa daladala, na mkulima akipita njiani huona mashamba ya majaribio kwa macho yake. Sisi Pemba tuna wataalamu wetu, na Unguja kuna Kizimbani, mahali panapotajwa katika historia kuwa ndipo mikarafuu ilipoanza kupandwa visiwani. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kusimama katika shamba la majaribio la mikarafuu? Tuliuliza swali hili katika barza tatu. Walioinua mikono walihesabika.

Wazee watatuambia kwamba khabari ya mashine bila ya watu si mpya katika nchi hii, na watakuwa wamesema kweli. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yakatafutwa dunia nzima, mengine yakiwa mabaki ya vita. Madereva wakafundishwa kwa haraka, mafundi wakawa haba, na udongo wa Kongwa jua lilipoupiga ukawa mgumu kama sakafu. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imelala. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Wale walikuwa na fedha za dola. Sisi tuna fedha za misimu mitatu.

Na tusiwacheke watu wa Mbarali wala wa Kongwa, maana sisi wenyewe tumekwisha kufanya letu. Wengi mnajua, lakini halijapata kuandikwa katika gazeti hili, na tumeona si haki kuyaandika makosa ya wengine na kuyaficha yetu. Miaka michache nyuma Chama kilinunua mabomba ya mgongoni kwa ajili ya kitalu. Yaligawiwa kwa furaha, na hapakuwa na mafunzo, kwa kuwa sote tulidhani kwamba bomba ni bomba. Mmoja wetu akaliazima akapulizia dawa ya kuulia magugu katika shamba lake la muhogo, akalirudisha limesuuzwa kwa maji mara moja. Siku ya pili likatiwa dawa ya wadudu na kupuliziwa miche ya mikarafuu. Kabla ya Ijumaa mbili kupita miche ile ilianza kugeuka rangi, na tukapoteza karibu kitalu kizima. Aliyeazima hakuwa na kosa, na aliyepulizia hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ofisi hii, iliyotoa chombo na isitoe maarifa yake. Maarifa yenyewe ni maneno machache: bomba la magugu liwe mbali na bomba la wadudu, na liandikwe kwa rangi. Maneno hayo yangetugharimu asubuhi moja.

Sasa tuje katika mkarafuu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wawili, F. J. Nutman na F. M. Roberts, walichunguza hapa visiwani kwa nini mikarafuu inakufa. Magonjwa waliyoyaeleza ni zaidi ya moja, lakini lile la kukauka matawi, linaloanza juu na kushuka mpaka likaua tawi kubwa na pengine mti, walionesha kwamba linaletwa na kuvu anayeingia katika mti kwa njia ya kidonda. Na kidonda cha mkarafuu kinatoka wapi zaidi? Kinatoka kwetu, wakati wa kuchuma. Tawi linavutwa kwa ngoeko, linapasuka panapoungana na shina, linabaki linaning'inia, na mvua ya kwanza inamkuta kuvu ameshafunguliwa mlango. Maarifa haya yana umri wa miaka sabini. Mengi katika mikarafuu tuliyoipoteza tangu hapo ilikufa huku dawa yake inajulikana, na dawa yenyewe si ya chupani. Usivunje tawi, likivunjika, likate kwa msumeno mkali karibu na shina, kata safi, na lililokatwa litolewe shambani likachomwe moto.

Kwa nini basi hatufanyi? Tumeliuliza hili kwa muda mrefu, na twaamini jibu ni kwamba maarifa yale hayakupata kumfikia mtu anayeshika tawi. Yaliandikwa katika majarida, yakafika kwa mabwana shamba, na mabwana shamba wakawaambia wenye mashamba. Mwenye shamba, mara nyingi, yuko mjini, au ni mzee asiyepanda mti tena, au wako kumi waliorithi shamba moja na kila mmoja anamtegemea mwenziwe. Anayepanda juu ni mchumaji, kijana aliyekuja kambini kwa msimu mmoja, ambaye mwakani huenda asirudi. Huyo hajaitwa katika semina hata moja tuliyoijua sisi. Na wakati mwingine tunapomwona anavunja tawi tunampigia kelele, naye hajui tunapiga kelele ya nini.

Lakini hapa hatutaki kuwadanganya wanachama. Hata mchumaji akifundishwa vizuri, analipwa kwa pishi. Tawi lililovunjika na kuangushwa chini huchumwa kwa kukaa kitako, na pishi hujaa upesi zaidi kuliko kwa kusimama juu ya ngazi na kuchuma shada kwa shada. Akichelewa, watoto wake hawali. Kwa hivyo anayedhani kwamba mafunzo peke yake yatauponya mkarafuu amekosea kama yule anayedhani kwamba pawatila peke yake itautajirisha mpunga. Mafunzo yataka yaende pamoja na malipo. Sisi twapendekeza kwamba mchumaji anayemaliza shamba bila ya kuacha matawi yaliyopasuka apewe nyongeza juu ya kila pishi, iliyokubaliwa mbele ya mashahidi tangu siku ya kwanza. Mwenye shamba atakayeona nyongeza hiyo ni nyingi na ahesabu mkarafuu mmoja unamngojesha miaka mingapi tangu kupandwa mpaka kuzaa.

Khabari ya kuanika ni nyepesi zaidi. Kila mmoja wetu anajua kwamba karafuu mbichi zikilala zimerundikwa hupata moto ndani kwa ndani, na asubuhi rangi imeharibika. Kila mmoja anajua kwamba kilo 3 za mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 ya kavu. Tusichokubaliana ni lini karafuu imekauka. Soko la dunia linataka unyevu usizidi 12 kwa mia, na siku hizi viko vipimo vya kuonesha nambari papo hapo. Wazee wetu hukunja punje wakaisikiliza inavyokatika. Tuliwahi kuwaweka pamoja, mzee mmoja na kipimo kimoja cha kuazima, na tukaona mzee amekikaribia kipimo sana katika mafungu yote isipokuwa moja, ambalo lilianuliwa jioni ya unyevu. Kijana aliyeshika kipimo naye alikosea kwanza, kwa sababu alikitia punje za juu ya jamvi tu. Tukachukua funzo kwamba wawili wale wangefundishwa mahali pamoja, na kila mmoja awe mwalimu wa mwenziwe. Na wanawake wawepo, kwani kuchambua na kuanika katika majumba mengi ni kazi ya mikono yao, na ni ajabu kwamba tunapoitisha mafunzo ya kuanika ukumbi hujaa wanaume.

Na ukumbi wenyewe ndio tatizo. Tumekwisha kuhudhuria semina nyingi. Tulipewa kalamu, daftari, maji ya chupa na posho, tukaoneshwa picha ukutani, tukapiga makofi, tukarudi. Wiki moja baadaye ukituuliza tulichofundishwa, tunakumbuka chakula. Sisi ambao tulianza katika vyuo vya Kurani kabla ya kuingia skuli tunakumbuka vingine. Mwalimu hakukupa aya mpya mpaka umsomee ya jana. Ukikosea, unarudi ulipokuwa, na aliyetangulia anamsomesha aliye nyuma yake. Hapakuwa na posho, na mtoto wa miaka saba alitoka na kitu kichwani ambacho leo ana miaka zaidi ya thelathini na bado anacho. Kufundisha ni kumngoja mwanafunzi arudishe kwa mikono yake alichokipata, kesho na kesho kutwa, na si kumwambia mara moja.

Wenzetu wa Indonesia, ambako ndiko kwa asili ya mkarafuu na ambako ndiko unakolimwa zaidi duniani, walilijua hili kupitia mpunga. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba yao yalivamiwa na mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye mpunga, na kila walipozidisha dawa mdudu alizidi, kwa sababu dawa ilikuwa inawaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali yao ikapiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na mwaka 1989, wakisaidiwa na FAO, wakaanzisha skuli za wakulima mashambani. Wakulima kiasi cha 25 hukutana kila wiki, msimu mzima, katika shamba lile lile. Hugawa shamba vipande viwili, kimoja cha mazoea yao na kimoja cha njia mpya, wakahesabu wadudu kwa macho yao, wakabishana, wakaamua. Mwalimu yupo, lakini anauliza zaidi ya anavyosema. Njia hiyo ilifika hata kwetu. Kwa msaada wa IFAD skuli za namna hii ziliendeshwa Unguja na Pemba, na wako wanachama wetu waliopitia humo kwa mpunga, muhogo na kuku. Waulizeni. Ni miongoni mwa mafunzo machache ambayo mtu anaweza kukueleza baada ya miaka kumi.

Tumeambiwa na mjumbe mmoja wa Kamati kwamba mkarafuu si mpunga. Hauzai kwa miezi minne, basi skuli yake itakuwa ya miaka minane. Hoja hiyo ni ya haki. Jibu letu ni kwamba mkarafuu una mambo yanayojifunzwa kwa muda mfupi: kitalu na kivuli chake, shimo na mbolea, kumwagilia mche katika kiangazi chake cha kwanza, kukata tawi, kuchuma, kuanika. Kila mwaka miche hugawiwa kisiwani, na kila mwaka tunaiona mingi inakauka kabla ya kufika kiunoni, nayo haifi kwa ugonjwa wa siri. Inakufa kwa jua na kwa mbuzi.

Basi rai yetu, tutakayoisimamia mkutanoni, ni hii. Kinunuliwe kikaushio kimoja tu, si sita, kiwekwe mahali ambapo matawi yote yatakifikia, na kitumike msimu mmoja kando ya majamvi ya kawaida ili tupime wenyewe kama kinafaa mvua ya kwetu. Vinunuliwe vipimo vichache vya unyevu, na misumeno ya mkono ya kukatia matawi, ambayo ni rahisi. Pawatila zingoje. Fedha zinazobaki zilipie shamba darasa katika kila tawi, siku moja ya wiki baada ya alasiri, msimu mzima. Na zilipie siku mbili za mafunzo makambini kabla ya kuchuma kuanza, mchumaji akilipwa siku hizo kama siku za kazi, kwa kuwa ndizo. Vijana wawili wapelekwe kwa fundi, nao wakae huko mpaka waweze kuifungua injini na kuifunga, ndipo tuzungumze tena khabari ya pawatila. Tulimwuliza yule fundi wa Mwanjelwa kama angewapokea. Akasema atawapokea, ila waje na makoti.

Wanaopinga tunawaomba waje na hesabu zao zimeandikwa, kama sisi tutakavyokuja na zetu. Kikao cha Kamati kimekubali kwamba pande zote mbili zipewe muda sawa wa kusema, na kura ipigwe kwa karatasi.

Daftari la wanaotaka kujiandikisha kwa shamba darasa la majaribio liko mezani ofisini, na kila mwanachama anaweza kuandikisha jina lake na la mtu mmoja wa nyumbani kwake anayechambua au kuanika. Hadi tunapopeleka gazeti hili kupigwa chapa yamo majina kumi na moja, na saba katika hayo ni ya wanawake.

Katibu wa Chama